Jibu: Kanionyesha mpira kwenye pochi, nimkimbie?

Usimkimbie. Na kabla hujaniandikia "lakini kaka", kaa chini kwanza, maana uzi wako nimeusoma nikiwa kazini na chai imenipalia.

Unasema dada uliyemjua miezi miwili hapo Malaba mpakani amekwambia mkapime, tena akakuonyesha mpira, yaani kondomu, kwenye pochi, na wewe unauliza mawili: huyu si malaya au mgonjwa? Na mkienda kupima, muende wapi ambako hamtajulikana? Watu watatu hapo juu wameshakujibu "piga chini". Hao wangekuwa wanatumia majina yao ya kweli ningewatafuta na fimbo.

Mimi wangu nilimpiga chini. Ilikuwa 2014, Busia, upande huu wetu wa Uganda. Nilikuwa naandika karatasi za mizigo ya malori, yeye anashona magauni ya gomesi sokoni. Siku moja tunakula samaki, mchana kweupe, akasema: "Kabla hatujafika mbali, twende tukapime wote wawili. Mpaka tujue, tutatumia mpira." Alisema kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja upana wa kiuno. Mimi nikasikia tusi. Nikamjibu, na hapa naandika nikiwa nimejifunika uso, "Kwani umeshazoea na wangapi?" Akanawa mikono, akalipia samaki wake, akaenda zake. Mimi samaki wangu nilimmaliza. Hata hamu ya kula haikukatika, ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jibu lile sikulitunga mwenyewe. Tulikuwa na dereva mmoja wa malori, mtu mzima, tukimwita Profesa kwa sababu hakuzungumza bila kuinua kidole. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mwanamke mwenye mpira kwenye pochi yuko kazini. Ndiye wa "pipi hailiwi na karatasi lake". Ukimbishia, anakukumbusha zile kondomu za bure za Engabu ambazo serikali iliziondoa mwaka 2004 baada ya watu kulalamikia harufu na ubora wake kutiliwa shaka. Miaka kumi imepita, mzee bado ananusa! Na mwenyewe alikuwa na bibi Mombasa, bibi Eldoret na bibi Kampala, hakuna anayemjua mwenzake. Huyo ndiye niliyemfanya mshauri wa usafi. Mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya nchi hii mwaka 1989 akasema anao UKIMWI, watu wakamwita mwongo, na bado aliendelea kusema mpaka anakufa mwaka ule ule. Mimi robo karne baadaye nilishindwa kusikia neno "mpira" mezani.

Basi nikapata mwingine. Huyu hakusema kitu. Hakuuliza nimetoka wapi wala nimelala wapi, na ukimya wake mimi nikausoma kama cheti cha hospitali. Nikamwambia Profesa, nimempata msafi. Akainua kidole.

Mwezi wa tatu nikaanza kukojoa moto. Nikaenda duka la dawa, nikanong'ona kama mwizi, nikauziwa vidonge vya sipro. Siku mbili moto ukatulia, nikaacha dozi. Mwenzangu sikumwambia, kwani ningeanzia wapi? Yeye hakuwa na dalili yoyote, na sikujua kwamba kisonono na klamidia kwa wanawake wengi hukaa kimya kabisa huku vinaendelea na kazi ndani. Moto ukarudi. Nikanunua tena. Ukarudi mara ya tatu, sasa na uvimbe mahali ambapo mwanamume hapendi uvimbe. Nilipakiwa kwenye boda nikakaa upande upande, miguu pamoja, kama mama wa gomesi anayeenda kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana ukweni. Dereva wa boda hakusema neno njia nzima. Namshukuru mpaka leo. Mnaocheka, chekeni, ila polepole.

Kliniki, nesi swali lake la kwanza lilikuwa "Mwenzako yuko wapi?" Nikajitetea kwamba mimi nilipima mwaka jana, sina kitu. Akaniuliza nilipima nini. Virusi. Akacheka kwa kuchoka: kipimo cha virusi vya UKIMWI kinaona virusi vya UKIMWI, basi. Kisonono hakimo, kaswende haimo, klamidia haimo. Akasema kisonono cha siku hizi kimeshazoea sipro, na kwamba hata dawa nzuri ni kazi bure kama anatibiwa mmoja na mwingine yuko nyumbani anakitunza.

Nilipomwambia mwenzangu, tayari alikuwa na wiki mbili za maumivu ya tumbo anayoyaita hedhi. Akalazwa. Maambukizi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Daktari akamwambia kushika mimba kunaweza kuwa vigumu, na alimwambia mbele yangu.

Usiku ule wodini akaniambia kitu ambacho Profesa hakuwahi kunifundisha. Alitaka tupime tangu wiki ya kwanza. Swali alikuwa nalo kooni. Lakini alikuwa amesikia nilivyomjibu yule fundi wa gomesi. Busia ni ndogo, na maneno yangu yalishazunguka soko zima. Akaona akiuliza, na yeye ataitwa malaya. Umeelewa, bwana mdogo? Ule usafi niliojisifia ulikuwa ni kuniogopa mimi.

Nani alimletea mwenzake? Sijui, ila hesabu inaelekea kwangu. Nilikuwa na safari za Eldoret ambazo hapa sitazieleza. Tuliachana. Kaka zake wakija Busia, mimi nina kazi Tororo.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu: mwanamke akikwambia mkapime, jibu lako la kwanza ni neno moja, "Lini?" Usiseme "kwa nini". Usiseme "huniamini?" Hilo la kuaminiana ndilo linaua watu, kwa sababu hata wewe mwenyewe hujui una nini. Sema "lini", halafu nyamaza. Na majibu yakitoka mazuri usirukeruke: rudieni baada ya miezi mitatu, maana virusi vipya huchukua muda kuonekana, na mpira uendelee mpaka hapo. Waambieni pia wapime yale mengine, msiridhike na kidole kutobolewa mara moja.

Na kama bado unaona anakushuku, jua kwamba upimaji wa kitaifa hapa Uganda wa 2016 hadi 2017 ulikuta virusi kwa asilimia 7.6 ya wanawake wa miaka 15 hadi 64, na kwa wanaume asilimia 4.7. Ukiwa mwanamke kwa namba hizo ungenunua pochi kubwa zaidi.

Yule fundi sasa ana duka lake na vyerehani vinne. Nikipita hapo natembea upande wa pili wa barabara, nikijifanya naongea na simu.

Umeandika kwamba ujumbe wake wa jana bado hujaujibu. Lini, kaka. Herufi nne. Toka humu ukamwandikie, naona taa yako ya kijani bado inawaka.