Rosela, chai ya rangi na vidonge vya damu

Ukitoka kununua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hukosi mtu wa kukukaribisha juisi ya rosela: "Kunywa dada, inaongeza damu." Juisi ni nzuri, naipenda sana, ila sababu hiyo naikataa. Wekundu wake si madini ya chuma, yale ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Ni anthosianini, mojawapo ya fenoli, yaani kemikali ambazo mimea hujitengenezea na ambazo ndizo zinazoipa chai ule ukakasi mdomoni. Tia ndimu, wekundu unakolea. Tia magadi, rangi inahama kuelekea bluu.

Wifi yangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimkuta damu iko chini, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Alikuwa akivimeza asubuhi kwa chai ya rangi, tena ile iliyochemka hadi ikawa nzito. Kipimo kilichofuata, damu haikupanda. Nilimwomba kidonge kimoja, nikakiponda ndani ya kikombe chake cha chai. Baada ya muda chai ikawa nyeusi tititi. Tanini za chai, ambazo nazo ni fenoli, zilikuwa zimekamatana na chuma cha kidonge. Zamani watu walitengenezea wino kwa njia hiyohiyo. Tumboni, chuma kilichokamatwa hivyo hakifyonzwi vizuri, kinapita tu.

Chuma cha samaki na nyama hakisumbuliwi sana. Kinachoathirika zaidi ni cha maharage, mchicha, matembele na vidonge. Kwa hiyo chai isogeze, ikae angalau saa moja mbali na chakula, na vidonge meza kwa maji, ukifuatishia chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Wifi alifanya hivyo, na damu ikaanza kupanda.

Sisemi fenoli ni mbaya. Majaribio kwa watu yameonyesha rosela hushusha presha kidogo. Ninachoogopa ni zile dondoo kali za kwenye chupa, yaani kemikali za mmea zilizokamuliwa na kukolezwa, zinazonadiwa kuwa zinasafisha mwili mzima. Kinachoonekana maabara si lazima kitokee mwilini, kwa sababu utumbo na ini hubadilisha sehemu kubwa ya fenoli kabla hazijafika popote. Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani vimewahi kuumiza maini ya watu, wakati kikombe cha kawaida hakina shida hiyo.

Kama unatumia dawa za presha au una mimba, mwambie daktari kabla hujaanza kunywa rosela kila siku. Mtajie na mizizi na majani mengine unayochemsha nyumbani.