Shingo imelegea: mashine ipi inakaza ngozi vizuri zaidi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 44, naishi Ilazo hapa Dodoma, kazi yangu iko Mtumba. Mwaka jana nilipungua kilo 19 kwa mazoezi na kupunguza wanga. Afya iko vizuri, ila ngozi ya shingo na chini ya kidevu imelegea, na tumbo limebaki na mkunjo unaoning'inia. Sitaki kisu. Kuna saluni mjini wameleta mashine mpya ya kukaza ngozi kutoka Korea, wanataka laki sita kwa awamu tatu. Dar kuna kliniki yenye mashine nyingine, bei yake karibu mara nne. Ipi ni mashine nzuri zaidi? Ngozi yangu haina shida, ni laini, natumia tu krimu ya kuchanganyiwa dukani. – Mama wa Ilazo

JIBU: Marahaba, mama. Hongera kwa hizo kilo 19, najua zilivyokutoa jasho. Barua yako karibu yote ni mashine, halafu mwishoni kuna maneno machache kuhusu krimu ya kuchanganyiwa. Hayo machache nimeyasoma mara tatu.

Nianze na mashine ili tumalizane nayo. Karibu zote zinafanya jambo moja: kupeleka joto chini ya ngozi ili kolajeni ya zamani, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, ijikunyate na mwili uanze kutengeneza mpya. Za mawimbi ya redio hupasha eneo pana. Za mawimbi ya sauti ni ndugu wa ultrasaundi ya wajawazito, ila nguvu yake imekusanywa mahali pamoja. Hizo huchoma vidoa vidogo sana kwa kina kilichopangwa, mara nyingi milimita 1.5, 3.0 au 4.5. Kolajeni hujikunyata joto likipita nyuzi 60 hivi. Kwa mawimbi ya redio, ngozi ya juu inatakiwa ibaki kwenye nyuzi 40 hadi 42. Mtu aliyeshika kile kichwa cha mashine anafanya kazi katikati ya namba hizo mbili, juu ya shingo yako.

Kwa ngozi nyeusi, mawimbi ya redio na ya sauti yana nafuu moja: hayachagui rangi. Mwanga unachagua. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, humeza mwanga na kuugeuza joto, kwa hiyo leza au taa iliyopangwa kwa ngozi nyeupe itakuachia madoa meusi ya miezi mingi. Ukiambiwa taa ileile ya kuondoa vinyweleo ndiyo itakayokaza shingo, chukua mkoba wako uondoke.

Mashine yenyewe imeishia hapo. Lakini kila wiki naketi na watu wanaonihoji kuhusu mashine kama wananunua gari: ni ya nchi gani, ni toleo la mwaka gani. Hawaniulizi nani ataishika, alijifunzia wapi, na akikosea nani atakutibu. Pembeni ya taya unapita mshipa mdogo wa fahamu unaovuta mdomo wa chini. Asiyejua ulipo anaweza kuupiga, mdomo ukaenda upande kwa wiki kadhaa. Akichagua kina kisicho chako anayeyusha mafuta ya shavu, na wewe uliyepungua kilo 19 huna mafuta ya kupoteza usoni. Oktoba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mashine za vijisindano vyenye mawimbi ya redio, baada ya taarifa za watu kuungua, kupata makovu, kupoteza mafuta ya uso na kuumia mishipa ya fahamu. Ni Marekani hiyo, kwenye ukaguzi mkali kuliko wetu.

Mgonjwa wangu mmoja kutoka upande wa Manyoni alikuja na alama za mraba zimepangana kwenye taya kama vigae. Alikuwa amepakwa ganzi nzito, akaambiwa alale apumzike. Hilo liliniuma, kwa sababu kwenye tiba ya mawimbi ya redio sauti ya mgonjwa ni sehemu ya usalama. Ukisema “hapo panachoma”, mtaalamu anapunguza nguvu au anahama. Waliotangulia kutumia mashine hizi walijifunza hilo kwa kuunguza watu, ndipo wakaanza kupita mara nyingi kwa nguvu ndogo huku wakiuliza. Anayekuzimisha maumivu yote ili amalize haraka amejinyima kipimo chake mwenyewe.

Na zile picha za “kabla na baada” kwenye simu: uliza ya pili ilipigwa siku ngapi baada ya tiba. Kesho yake ngozi huwa imevimba kidogo, ndiyo maana inaonekana imekaza. Uvimbe ukiisha, hali inarudi karibu na ilivyokuwa. Kolajeni mpya inahitaji miezi miwili hadi sita kuonekana, na hata hapo mabadiliko ni ya wastani. Picha ya kesho yake ni picha ya uvimbe.

Sasa krimu yako. Mtaani tunaiita mkorogo. Ndani yake, mara kwa mara, kuna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kama klobetasoli au betamethasoni, kuna haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na wakati mwingine zebaki. Steroidi ni dawa nzuri kwenye mkono wa daktari, kwa ugonjwa unaojulikana na kwa siku zilizohesabiwa. Ukiipaka kila jioni kwa miaka, inazilaza zile seli zinazotengeneza kolajeni. Ngozi inakonda, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, kidonda kidogo kinachelewa kupona. Mama, huo ulaini unaousifu inawezekana ndio ukondefu wenyewe. Na kulegea kwa shingo ambako unadhani kumeletwa na zile kilo 19 ulizopungua, huenda krimu imechangia.

Fikiri basi kinachotokea saluni. Unalipa laki sita kuziamsha seli, kisha ukirudi nyumbani unazilaza tena kwa kopo la elfu chache. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Tena ngozi iliyokondeshwa huungua kwa joto ambalo ngozi yenye afya ingelivumilia. Wengi wa walioungua ninaowaona walikuwa kwenye mkorogo na hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana kipimo changu cha kliniki ni kimoja kuliko vyote: kabla ya kukutajia bei, je, wamekuuliza unapaka nini? Wakikuuliza hilo, wataendelea kuuliza kama una kovu linalovimba kuzidi jeraha, yaani keloidi, kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo au chuma mwilini, kama una mimba, kama una malengelenge ya mdomo yanayorudi. Wasipouliza, Korea haitakusaidia.

Usiiache krimu ghafla kwa kuwa umesoma hapa. Uso uliozoea steroidi ukinyimwa siku moja hulipuka: unawaka, unawasha, unatoa vipele, na ndipo watu hukimbilia kopo tena wakidhani limewaponya. Aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu ana hatari zaidi, kwa sababu mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe. Daktari wa ngozi atakushusha taratibu. Itachukua miezi, na ni katika miezi hiyo ngozi inaanza kujijenga bila mashine yoyote. Ongeza losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, shingoni pia. Jua la Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari na mawingu machache nusu ya mwaka, linakula kolajeni hata ya mtu mweusi.

Naongea na wengine pia hapa, siyo Mama wa Ilazo peke yake. Anayekuchanganyia krimu kwenye ndoo nyuma ya duka hajui kiasi cha kilichomo, na wewe hujui. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato halijapita kwa mtu yeyote. Dripu za glutathioni za kung'arisha mwili ni balaa lingine: unatoboa mshipa kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Mabinti wa vyuo wanaletwa kwangu wakiwa na miaka 22 na ngozi ya shavu unayoweza kuhesabu mishipa yake. Hao hakuna mashine ya kuwakazia kitu.

Kuhusu vibali: leseni ya biashara ya Jiji inamruhusu mtu kufungua mlango, haimruhusu kukuchoma. Kituo kiwe na usajili wa Wizara ya Afya, na jina la daktari liwe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Bei ya Dar haithibitishi lolote, huko nako pima kwa vigezo hivihivi. Huku nyumbani tuna bahati moja: kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi kimekuwa kikitoa wataalamu tangu miaka ya tisini, na baadhi yao wako hospitali za mikoa. Kuonwa na mmoja wao kwanza kutakugharimu kidogo kuliko awamu moja ya saluni.

Tumbo nitalisema kwa kifupi kwa sababu jibu lake ni fupi. Mkunjo unaoning'inia haukazwi na mawimbi. Hayo yanafaa kulegea kidogo au kwa wastani, kama kidevu chako huenda kilivyo. Mkunjo ni kazi ya upasuaji, na kama kisu hukitaka, bakisha pesa yako. Kliniki itakayokwambia hivyo na kukataa laki zako za tumbo, iamini zaidi na shingo.

Siku ya kwenda kuonwa, weka kwenye mfuko kila unachopaka: losheni, tyubu, sabuni, na kile kopo lisilo na lebo. Hata kama limeisha, nenda nalo.