Saa saba ya Jiddah

Juzi dada mmoja wa Likoni alinitumia ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, kelele za feri nyuma yake. Mwezi ujao anakwenda Jiddah, kazi ya nyumbani kama niliyokwenda mimi. "Dada, Kiarabu nianzie wapi? Lakini nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa hivyo si mgeni sana."

Hapo pa "si mgeni sana" nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Ndivyo nilivyosema mimi mwaka 2016 pale uwanja wa ndege wa Moi, na wifi yangu akaitikia kwa sauti watu wasikie: "Huyu atarudi mkalimani!" Msahafu nilikuwa nimeukhitimu mara mbili. Nyanya yangu hata akigomba alichanganya Kiarabu. Nikajiona nimefika kabla ya kupanda ndege.

Siku ya kwanza mama wa nyumba (mwajiri huitwa mama, hata awe mdogo kwako) akaniambia, "Jibi moya." Mimi nikasikia moja. Nikaleta kikombe kimoja, kitupu. Kumbe moya ni maji! Chuoni maji ni maa, lakini watu wa Jiddah wana moya yao. Na mimi nilipotaka maji nikasema kwa ufasaha wangu wote, "Uridu maa'an." Watoto wakaanguka kwa kicheko. Baadaye ndipo nilipoelewa: katuni zao za televisheni ndizo zinazosema Kiarabu hicho cha vitabuni. Kwao mimi nilikuwa katuni iliyoshika fagio. Nataka ni abgha, wapi ni fein, nini ni eish, sasa hivi ni dahin. Hayo ustadhi hakunipa.

Kiswahili nacho kitakusaidia na kitakuchimbia shimo. Hesabu ni zetu: sita, saba, tisa, kisha ishirini mpaka tisini, mia na elfu, dukani sikubabaika hata siku moja. Lakini tafadhali si ya kuombea. Tafaddali husema anayetoa, anayekukaribisha. Nilikuwa namwomba mama ruhusa ya kupiga simu kwa neno hilo, yaani namkaribisha nyumbani kwake mwenyewe. Kuomba, kwa mwanamke, ni law samahti. Na ukitumwa barra usidhani unapelekwa bara. Ni nje tu, hapo mlangoni.

Lililoniuma ni la saa. Mama aliniambia wageni wanakuja sa'a sab'a. Saba si saba? Saa saba mchana kabsa ya kondoo, wali wao wa nyama, ilikuwa mezani, mdila wa kahawa uko tayari, finjani zimepangwa. Kimya. Saa nane. Saa tisa. Kumbe wenzetu saa zao ni kama za Wazungu, na sab'a yao ya jioni ni saa moja yetu ya usiku. Wageni waliingia baada ya magharibi, wali umeshakuwa changarawe, naye akanisimamisha mbele yao akanisema mpaka akachoka. Nililishika neno moja tu: himara. Punda. Hilo la msahafuni nililijua.

Mpaka leo nikipikiwa kabsa kwenye harusi, nakula biriani.

Miezi iliyofuata naipita, ilikuwa kufua na kulala. Niliokolewa na kitinda mimba wa nyumba ile, mtoto wa miaka minne. Nilikuwa nasonta kitu namuuliza, "Eish hada?" Ananitajia. Jokofu, mashine ya kufulia, mwiko, kila kitu. Nikikosea ananirudisha bila huruma na bila kuchoka, na usiku naandika kwenye daftari kwa herufi zetu hizi. Yeye pia ndiye aliyenionyesha kuwa namwambia mamake ta'al, njoo ya mwanamume, badala ya ta'ali. Nilikuwa nimeiokota kwa dereva. Kiarabu cha madereva kaeni nacho mbali, hasa ile "ana mafi malum" ya kusema hujui. Utaeleweka, lakini utabaki nayo miaka.

Msahafu haukunitupa moja kwa moja, nisiudhulumu. Herufi za ain na ha na kha zilinitoka safi, wakati wenzangu waliotoka bara walihangaika nazo. Mwaka wa pili tulikwenda soko la samaki na mama, muuzaji akataja bei kama tunanunua jahazi, nikamjibu mimi. Nikambishia mpaka akashuka. Mama alicheka njia nzima, na tangu siku hiyo pesa za soko nilizishika mimi. Wifi, kama unasoma, mkalimani ndiye huyu.

Sasa nyinyi mabinti wa hapa nyumbani. Madera ya safari mnayanunua miezi mitatu kabla, simu hamziweki chini, halafu Kiarabu mnaanza kukitafuta ndani ya ndege. Wakala aliyenipeleka alitupa karatasi ya maneno kama thelathini usiku wa kuamkia safari, nusu yake salamu. Salamu! Mtoto wa Mombasa afundishwe salamu? Usimngoje wakala. Tafuta aliyekaa mji ule unaokwenda, useme naye. Sema. Ukichekwa, sema tena. Kuogopa kuchekwa ndiko kulikonipotezea mwaka wa kwanza, kwani siku ya wageni ningeuliza swali moja tu, asubuhi au usiku, nisingeitwa punda mbele za watu.

Huyu wa Likoni nimemwambia aje Kisauni Jumapili na daftari lake. Tiketi inasema Jumanne, na huko Jumanne ni yom ath-thalatha, siku ya tatu, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili na sisi Jumamosi. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo naondoka Jumatatu?" Nimemwambia aje mapema.