Oxford ni "Kivuko cha Ng'ombe"?

Swali: Natafsiri kitabu cha jiografia cha watoto. Ukurasa mmoja unaeleza kwamba majina kama Oxford, Bradford na Cambridge yalitokana na mahali watu walipokuwa wakivuka mito. Niliandika "Kivuko cha Ng'ombe" kwa Oxford, mwenzangu akacheka, akasema hilo ni jina la pantoni. Nani kapatia?

Jibu: Nyote wawili, ila mwenzako yuko karibu zaidi na masikio ya watoto wa leo.

Kivuko kimezaliwa na kitenzi vuka, na maana yake ya zamani ni mahali: pale unapoingilia mtoni upande huu ukatokea upande wa pili. Ndivyo neno lilivyo katika Biblia ya Kiswahili. Yakobo anavuka kivuko cha Yaboki usiku, yeye na wake zake na watoto, wala hatajwi nahodha. Katika Waamuzi 12, Wagileadi wanavishika vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kupita anaambiwa atamke "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa palepale. (Sisi wasahihishaji wa lugha tunalaumiwa kwa ukali, lakini hapo hatujafika.)

Tangu hapo neno limetembea. Tanzania ukisema kivuko, wengi wanaona chombo chenyewe. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, habari zilisema kivuko kimepinduka, na hakuna aliyedhani ni mahali palipopinduka. Mombasa wao wana feri yao ya Likoni. Mjini nako kivuko ni ile mistari myeupe ya pundamilia barabarani. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza akisoma "Kivuko cha Ng'ombe" atawaona ng'ombe wamepakiwa, wanapelekwa Ukerewe.

Sasa hicho kipande -ford hakina chombo, wala daraja. Ni pale mto unapotanuka, kina kikapungua, maji yakawa ya magoti, watu na mikokoteni wakapita. Kiswahili hakina neno moja lililobana maana hiyo peke yake, kwa hiyo usilitafute. Sema "mahali pa kuvukia kwa miguu" na mambo yaishe. Nami kwa Oxford nisingesema ng'ombe tu. Jina la kale, Oxnaford, linataja maksai, wale waliohasiwa wakafungwa nira. Hertford ni ya paa dume, Swinford ya nguruwe, Hereford ya jeshi. Bradford haina mnyama: ni kivuko kipana, basi. Stratford inanipendeza kuliko zote, maana kipande chake cha kwanza kimetoka katika neno la Kilatini la njia iliyotandikwa mawe. Popote barabara ya Warumi ilipokutana na mto, palistahili jina hilo, ndiyo maana Uingereza ina Stratford nyingi.

Cambridge iweke kando, kwa sababu hiyo ni ya daraja, na ina kichekesho chake. Zamani mto uliitwa Granta, na mji ukawa Grantabrycge, yaani daraja la Granta. Baada ya Wanormani, watu wa Normandia ya Ufaransa walioiteka Uingereza, kuingia, matamshi yakakatwakatwa karne hadi karne mpaka jina likafikia Cambridge. Watu wakatazama jina, wakatazama daraja, wakaamua kwamba mto unaopita chini yake lazima uitwe Cam. Kwa hiyo ukiandika "mji huu umepewa jina la mto Cam", umegeuza mambo: mto ndio uliopewa jina na mji. Angalia kama kitabu chako hakijaanguka hapo.

Bristol nayo ilikuwa Brycgstow, mahali pa daraja. Hilo Kiswahili tunalisema kwa neno moja: Darajani. Tena Darajani tunayo, Unguja, palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa, leo ni barabara na soko, na watu wanakwenda Darajani kununua samaki bila kuulizana daraja liko wapi. Jina Ng'ambo lenyewe limebaki na maji ambayo hayapo. Dar es Salaam abiria wa mwendokasi anasoma "Kivukoni" kwenye kioo cha basi. Huko chombo bado kipo, kinavusha watu kwenda Kigamboni. Mifano hii miwili itamsaidia mtoto kuliko Bradford kumi. Kama mchapishaji anaruhusu maelezo ya pembeni, itie.

Kuhusu kutafsiri jina lenyewe: Wawelshi, watu wa Wales, wanafanya hivyo. Oxford wao wanaiita Rhydychen, kivuko cha maksai, neno kwa neno. Lakini hao ni majirani wenye jina lao la siku nyingi, na mtu wa kwao akilisikia anajua ni mji gani. Sisi jina letu la mji huo ni Oxford. Liache lilivyo, maana uieleze baada yake. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Jina Oxford lina maana ya mahali maksai walipovukia mto kwa miguu." Neno "kwa miguu" usilifute hata mhariri akikuambia ni la ziada.