Rada inapoona maji ikasema ni barafu

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini ramani yako ya mashariki mwa Greenland, uliyoitengeneza kwa picha za HH (mawimbi yametumwa na kupokewa yakiwa ya mlalo) za setilaiti ya rada Sentinel-1, inaonyesha barafu ya miaka mingi, ile iliyookoka kiangazi, mahali palipo maji matupu. Anza na upepo. Mawimbi ya rada hiyo yana urefu wa sentimita 5.5 hivi, na viwimbi vya maji vya kadiri hiyo ndivyo vinavyorudisha mwangwi. Mkondo wa Lamu ukiwa shwari alfajiri hutoka mweusi pichani. Kusi ikishika, maji yale yale yanang'aa. Huko Aktiki ni vivyo hivyo, na maji yanayong'aa hudhaniwa ni barafu.

Kwa hiyo fungua HV, picha ya mawimbi yaliyotumwa ya mlalo yakapokewa ya wima. Maji, hata yakichafuka, hurudisha kidogo sana humo. Barafu ya miaka mingi imeshachuja chumvi yake misimu ya joto iliyopita, ikabaki na viputo vya hewa upande wa juu. Mwangwi hutawanyika humo na kurudi mkali, HH na HV. Ile ya mwaka wa kwanza, isiyopitia kiangazi, bado ina chumvi, rada haipenyi. Kuza picha: ya miaka mingi ni mapande ya mviringo, kingo zimelika, ya mwaka wa kwanza ina mistari myembamba inayong'aa, ndipo barafu ilipogongana ikapandana.

Kwenye SNAP, programu ya kuchakata picha za setilaiti, sahihisha obiti, ondoa kelele ya joto (ya chombo chenyewe), kalibresha hadi sigma sifuri (kipimo cha nguvu ya mwangwi), chuja madoa, ndipo ugeuze kuwa desibeli. Usiiruke hatua ya kelele. Picha ya EW, ile pana inayotumika baharini, ina upana wa kilomita 400 na mikanda 5, na ule ulio karibu zaidi na njia ya setilaiti ndio wenye kelele mbaya kwenye HV. Ukiiacha, programu unayoifundisha kutambua barafu itajifunza mkanda badala ya barafu. Pembe ambayo mawimbi yanapiga uso nayo inatoka nyuzi 19 hadi 47, na HH hufifia kadiri inavyoongezeka, kwa maji kwa kasi zaidi. Iingize pembe kama safu ya data ya kufundishia programu.

Barafu changa inasumbua kweli. Ikiwa bado kama uji, ni nyeusi sawa na maji shwari. Ikiota maua ya chumvi juu yake, inang'aa ghafla. Picha za Julai usizifundishie pamoja na za Februari, maana unyevu wa juu huficha viputo vyote.

Ukipima usahihi, tenga picha nzima za majaribio. Pikseli jirani za picha moja zinafanana mno, utapata asilimia nzuri za uongo.