Fundi Tuambie: Seva yangu inakula TB 2 tu, zingine zimeenda wapi?

SWALI: Habari fundi, nimenunua seva used, HP ProLiant DL380p Gen8, ndani ina kontrola (kifaa kinachosimamia diski) ya P420i. Nimeweka diski 4 za TB 4 kila moja nikazifanya RAID 5 (diski zinaunganishwa, moja ikifa data inabaki), zote volyumu moja. Windows Server imeingia fresh ila inatumia TB 2 tu, zingine kama 8.9 kule Disk Management zimeandikwa Unallocated na hazigawanyiki. Kontrola mbovu au? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kontrola nzima kabisa ndugu yangu, usiirudishe dukani. Gen8 yako inawaka kwa BIOS ya zamani (programu ya kuamsha mashine), haina UEFI ambayo ndo mpya yake, kwa hiyo volyumu ya kuwashia Windows inabidi iwe MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski), na MBR mwisho wake ni TB 2, hata uipe diski ya ukubwa gani. Dawa ni kuwa na volyumu mbili, ndogo ya Windows, kubwa ya data, ile ya data unaifanya GPT (mtindo mpya wa kugawa diski) na itasoma yote bila shida maana haihusiki na kuwasha.

Sasa habari mbaya ni kwamba ile uliyonayo huwezi kuipunguza, unaifuta unaanza upya, so hamisha data kwanza, na ukishahamisha fungua mafaili machache uone yanafunguka kweli.

Ukiwasha seva subiri kontrola ijitambulishe, bonyeza F5, utaingia Smart Storage Administrator, programu ya HP ya kupanga diski. F8 nayo ipo ila menyu yake ni finyu, inatoa volyumu moja kwa kila arei (kundi la diski), kwa kazi hii achana nayo. Futa ya zamani, chagua diski zote 4 utengeneze arei, halafu volyumu ya kwanza weka saizi kwa mkono, GB 200 zinatosha, RAID 1+0 (kila data inakaa kwenye diski mbili). Ikishakubali rudi kwenye arei ileile, nafasi iliyobaki tengeneza volyumu ya pili. HP wanaruhusu kila volyumu iwe na RAID yake juu ya diski zilezile, hapo nawasifu. Usisahau kuiambia kontrola kwamba ile ndogo ndo ya kuwashia.

Ya data mimi nakushauri RAID 6 (inavumilia diski mbili kufa), sio 5. Najua utalia nafasi, badala ya TB 12 unabaki na kama 7.8, na Windows itakuandikia 7.1 hivi kwa sababu inahesabu kwa 1024. Lakini diski ya TB 4 ikifa kujengwa upya kunachukua masaa mengi, ya pili ikizingua katikati ya zoezi RAID 5 imekwisha, RAID 6 bado inapumua. Menyu isipokupa 6 weka 1+0, kwa diski 4 nafasi ni ileile.

Halafu wengi wanajichanganya hapa, wanaweka bakapu ya volyumu moja kwenye ya pili. Hizo ni vyumba viwili chini ya bati moja, diski ni zilezile 4! Bakapu iende kwenye diski ya nje.

Na ukikuta sehemu inauliza uwashe kashe ya kuandikia (kumbukumbu inayoshika data kwa muda kabla haijafika kwenye diski) bila betri, kataa, hasa kama umeme wa kwenu ni wa kuja na kuondoka.