Muulize Mwalimu: Nikisomea usufi, nitakula wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya falsafa na moyo wangu uko kwenye maandishi ya masufi, Waislamu wanaotafuta kumkaribia Mungu kwa njia ya ndani ya moyo. Wazazi wanasema huko hakuna kazi. Wenzangu wanasema asiye na tarika, yaani udugu wa kisufi chini ya shekhe, hawezi kuyaelewa. Na idara sijui nichague ipi: fasihi, dini au nibaki falsafa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazazi wako hawajakosea sana. Tangazo la kazi linalotaka mtaalamu wa usufi ni nadra. Vyuo hutafuta mwalimu wa Kiarabu au wa historia ya Uislamu. Mimi mwenyewe niliajiriwa kufundisha sarufi, masufi wakaja baadaye. Basi shika lugha: Kiarabu, halafu Kiajemi. Bila hizo utaishia kwa yule Rumi wa kadi za mapenzi, mshairi wa kisufi ambaye tafsiri zimemnyang'anya Kurani yake. Nyumbani waambie unasomea ualimu wa Kiarabu. Si uongo.

Idara isikunyime usingizi. Chukua kisa cha ndovu. Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, anakitaja katika kitabu chake Ihya: vipofu wanampapasa ndovu, kila mmoja na lake. Mshairi Sanai naye anasimulia habari za vipofu. Anakuja Rumi, karne ya 13, katika kitabu cha tatu cha utenzi wake mrefu, Mathnawi, anawaondoa vipofu na kuingiza watu wenye macho yao katika nyumba yenye giza. Aliyeshika mkonga anasema ni bomba la maji, aliyeshika sikio anasema pepeo, wa mguuni anaona nguzo, wa mgongoni kiti cha enzi. Kila mmoja angekuwa na mshumaa, anasema Rumi, ubishi ungekwisha.

Umeona alichofanya? Macho ni mazima, kilichokosekana ni nuru. Hapo tayari uko kwenye falsafa ya maarifa. Ukiuliza kwa nini hakuna aliyetoka kutafuta mshumaa, umeingia kwenye maadili. Na yote hayo yamo ndani ya beti zenye vina na mizani, yaani fasihi. Kwa hiyo chagua msimamizi kabla ya idara, na uwaulize wanafunzi wake, faraghani, kama huwa anasoma sura za tasnifu wanazompelekea.

Kuhusu tarika: Annemarie Schimmel, Mjerumani, alipata udaktari Berlin mwaka 1941 akiwa na miaka 19, akafundisha historia ya dini Ankara, kisha Harvard kuanzia 1967. Reynold Nicholson wa Cambridge alihariri Mathnawi nzima, akaitafsiri na kuifafanua, majuzuu manane kati ya 1925 na 1940. Wote wawili hawakuingia kwa mlango wa tarika. Muridi, yaani mfuasi wa tarika, ana faida yake, kwani hali na makamu, zile hatua za safari ya kiroho, amevisikia vikisemwa na watu walio hai. Ila nimewaona wengi wakiona haya kumkosoa shekhe aliyefariki miaka 700 iliyopita. Siku ya kutetea tasnifu hakuna atakayekuuliza wewe ni muridi wa nani. Utaulizwa umetegemea mswada upi, na kwa nini umeuacha ule mwingine.